Siku Aliyowaahidi Wafugaji wa Engaresero

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Piusi, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, nanyi mnivumilie sauti ikinikatika.

Patrisi Tluway alizaliwa Endabash tarehe 12 Machi 1938, wa kwanza kati ya watoto saba, akasoma shule ya misheni Karatu kuanzia 1947 hadi 1954, akafundishwa utabibu wa mifugo Arusha, na mwaka 1960 akaajiriwa kuwa bwana mifugo msaidizi. Tarehe 16 Novemba 1963 alifunga ndoa na Cresensia katika Parokia ya Karatu, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza ni Marsela, na wa mwisho ana miaka minne, tangu juzi anauliza baba anarudi lini.

Mwaka 1971 alihamishiwa Ngorongoro, akawa anachanja ng'ombe wa Wamasai hadi kule Engaresero. Juni 1972 gari liliharibika njiani siku mbili, barafu ya kupozea dawa ya chanjo ikayeyuka, naye alipofika alikuta ng'ombe wameswagwa kutoka mbali, wenyewe wakimsubiri juani. Wengine wangechoma sindano, wakajaza fomu, wakaenda zao, nani angejua? Patrisi aliwaambia wafugaji kwamba dawa imeharibika kwa joto, akaimwaga mbele yao, akawaomba warudi baada ya siku ishirini. Mzee Senteu, ambaye tunaye hapa leo, alimtukana mbele ya watu, na ofisini Patrisi akaandikiwa barua kali ya kupoteza mali ya serikali, akarukwa mara mbili wenzake walipopandishwa cheo. Siku ya ishirini alikuwa pale na dawa nzima, na tangu hapo hakukosa siku aliyoitaja, gari liwepo lisiwepo, mpaka ikawa wafugaji hawamfungulii zizi mchanjaji mwingine. Alikuwa akisema anafanya kazi ya miaka thelathini, si ya mwezi, sisi tukamwona mbishi, na kweli alikuwa mbishi.

Mwaka huu wa 1984 ugonjwa wa ngiri ulimzidi, daktari akapanga kumpasua tarehe 6 Agosti, kumbe siku hiyo hiyo alikwisha kuwaahidi watu wa Engaresero. Cresensia alimsihi, sisi tukamgombeza, akajibu, "Mama Marsela, nikikosa siku moja, miaka kumi na miwili imeenda bure."

Akaenda. Tarehe 9 utumbo ulijinyonga, wafugaji wakambeba hadi kwenye gari, na tarehe 11, saa nne asubuhi, alifariki hospitalini hapa Karatu, akiwa na miaka arobaini na sita. Jamani, inauma. Tusiwafiche, tuliwakasirikia watu wa Engaresero, na jana walipofika hatukujua tuwapokee vipi, mpaka Mzee Senteu alipomshika Cresensia mkono akamwambia, "Mama, hakutuambia anaumwa. Angesema neno moja tu, tungemsubiri hata mwaka, maana yule hajawahi kutudanganya."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Endabash kwa kuni na maji, wafanyakazi wenzake wa idara ya mifugo, na wafugaji walioacha mifugo yao kiangazi hiki wakaja kumzika pamoja nasi kwa machozi.

Kaka, wangekusubiri. Pumzika sasa.