Koti la Don Goyo

Hapa Tlalixco, mtu akikwambia hana la kufanya, jua anaelekea kwenye benchi la doña Chayo, mama muuza kahawa, chini ya tao la mwisho la uwanja wa kanisa. Hapo kahawa huchemka ndani ya chungu pamoja na mdalasini na sukari guru, na mambo ya dunia huamuliwa na wanaume ambao majumbani kwao hawaruhusiwi kuamua hata mboga. Watu wenyewe ni wale wale. Yuko Redio, fundi viatu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuzimwa. Yuko Askofu, aliyekuwa mgonga kengele mpaka siku alipokutwa kalala kwenye kiti cha maungamo, anakoroma, huku bibi mmoja akimwungamia. Na yuko Fidencio, mfuga kondoo, asiye na jina la utani kwa sababu haongei vya kutosha mtu apate pa kumshikia. Jumapili hiyo Fidencio alifika mapema kuliko wote, kavaa shati la sikukuu. Baada ya misa watu wangeinua mikono kumchagua wa kumpelekea mlima wa volkano zawadi zake za siku ya kuzaliwa, na yeye alitaka kwenda tena. Mwaka jana alikwenda yeye. Alimpelekea Don Goyo, maana ndivyo tunavyouita mlima wetu, bata mzinga wa mchuzi mzito, chupa ya pombe ya meskali, na koti la sufu lililoshonwa na mkewe, Hortensia. Hortensia alifariki kabla ya Krismasi. Tangu hapo Fidencio hakuwa na hamu nyingine ila kupanda tena akaone kama koti bado lipo.

— Haya, tazameni wenyewe, — Redio alianza, akinyoosha kidole juu ya mapaa. Mawingu yalikuwa yamefunguka. Mlima ulisimama pale mtupu, wa kijivu, unatoa moshi kidogo. — Hana hata chembe ya theluji! Mzee mzima kichwa wazi, kama mtu aliyesahau kofia kwa mchepuko.

— Mapadri wa kale waliojenga kanisa hili, — alisema Askofu, — walikuta theluji mpaka mabegani kwake. Walikuwa wanaishusha wanapozea chokoleti.

— Wewe umejuaje?

— Nimelala mle ndani miaka mingi. Kuta zinaongea.

— Jumapili iliyopita limekuja basi zima la wageni, — Redio aliendelea. — Wakapiga picha matao, wakapiga picha mbwa, wakauliza theluji iko wapi. Nikawaambia imetoka kidogo, inarudi. Wakapanda basi lao wakaondoka. Hata tamali ya kula njiani hawakununua! Sasa swali ni moja tu. Nani kamkosea Don Goyo?

Macho yote yalimwendea Fidencio.

— Mimi simtaji mtu, — Redio alisema, akimkazia macho huyo asiyetajwa. — Nasema tu kuna mtu kachukua mlima wenye moto tumboni, kauvalisha sufu. Sufu, jamani! Wewe Fidencio ukiwa na homa wanakuongezea blanketi?

— Wananiongezea, — alisema Fidencio.

— Ndiyo maana hujapona sura.

Doña Chayo alicheka na mwiko mkononi. Hata Fidencio alitabasamu, maana utani wa Redio alikuwa kauzoea kama kelele za kondoo.

— Mzee kashikwa na joto, — Redio alisema. — Katoka jasho. Lile jasho ndiyo theluji yetu, limeshuka mtoni, limepita hapa hapa, sisi tunafulia soksi.

— Mwaka juzi, — doña Chayo alidakia, — mlikaa hapo hapo mkasema mvua imechelewa kwa sababu Don Goyo kapelekewa viatu vinavyombana. Na viatu vilikuwa vyako, Redio.

— Yale yalikuwa mambo ya ngozi, mama. Haya ni ya sufu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo imeingiaje?

— Imeingia tu. Nimiminie nusu.

Askofu alijikohoza. Akijikohoza, watu hujua kuna jambo limemkaa kichwani tangu jana.

— Joto si tatizo. Tatizo ni saizi. Fidencio, bwana, niambie kweli. Marehemu, Mungu amlaze pema, vipimo vya lile koti alivitoa kwa nani?

— Kwangu, — alisema Fidencio. — Alisema hana kamba ya kuzungusha mlima.

— Mnaona! — Askofu alipiga goti lake. — Don Goyo mzima na mabonde yake kavishwa koti la kifua cha Fidencio! Limembana. Na mtu akibanwa kifua anafanyaje? Anakohoa. Mwezi uliopita si alikohoa majivu hapa, nguo zote kambani zikawa kama zimetoka Jumatano ya Majivu?

— Zangu mpaka leo hazijatakata, — alikiri doña Chayo.

Hapo kwenye vipimo, Fidencio hakutabasamu tena. Alikumbuka alivyosimamishwa jikoni mikono kando, Hortensia akizunguka na kamba yenye mafundo, pini mdomoni, akimfokea asipumue. Alilalamika siku ile kwamba mguu umekufa ganzi. Sasa angekubali kusimama vile mpaka uzeeni.

— Nyie mnagusagusa tu pembeni, — alisema Redio, akishusha sauti kana kwamba mlima ungesikia. — Mkubwa yule ana mke. Si huyo hapo jirani yake, Bibi Mlalaji, ule mlima wa pili, kajinyoosha toka enzi za mababu? Sasa bibi anaamka asubuhi moja, anamwona mumewe kavaa koti jipya. Kashonewa na nani? Na mke wa Fidencio! Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje?

— Ningemnyima chakula, — alisema doña Chayo.

— Basi yeye kamnyima theluji!

Askofu aliinamisha kichwa kwa heshima. Ilikuwa nadharia kubwa. Kunyimwa alikuwa anakujua.

— Kwa hiyo, — Redio alisema, naye sasa alikuwa kaamini maneno yake mwenyewe, jambo ambalo kwake ni la hatari, — dawa ni moja. Leo watu wakiinua mikono, achaguliwe mtu mwingine. Mimi hata nikichaguliwa sitakataa. Tukifika kwenye mwamba wa kutolea zawadi, tunakabidhi mpya, halafu lile koti tunalivua, tunashuka nalo.

— Lililokabidhiwa mlima halirudishwi, — alisema Fidencio. Sauti ilimtoka juu kuliko alivyotaka. — Toka babu zetu halirudishwi.

— Babu zetu hawakumvalisha mtu sufu!

— Mie naogopa kitu kimoja, — alisema Askofu. — Mvuliwa nguo huchutama. Tukimvua yule, akachutama, tutabaki na mlima mfupi.

— Si afadhali? Wageni wenye magoti mabovu nao watapanda. Nakwambia nikitoka hapa naongea na watu mlangoni, mmoja mmoja. Kabla hawajafika katikati ya uwanja, mikono yote ni yangu.

Na angeweza. Redio akiamua kuwashika watu mlangoni, hata padri humpigia kura. Fidencio alilijua hilo. Alitaka kusema kwamba lile koti lilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya mkewe, kwamba vifungo vyake vya pembe aling'ang'ana navyo akiwa tayari anaumwa. Badala yake alikishika kikombe kwa mikono miwili akatazama chini.

Sasa, pembeni ya chungu alikuwa kasimama mgeni, mama wa makamo mwenye begi begani, katoka pwani ya Veracruz kuja kuona theluji kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa kanunua kahawa na hakuna aliyemkaribisha kukaa, kwa vile benchi lilikuwa kwenye shughuli. Aliyasikiliza yote kwa adabu, kisha akauliza:

— Samahani, wazee wangu. Hilo koti mkishalishusha, mtamkabidhi nani?

Redio alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza hapakutoka kitu. Askofu alitazama dari ya tao. Doña Chayo aliacha kukoroga.

Maana kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye koti lile lingemkaa, na kila mmoja alimwona akilipokea, akilipeleka nyumbani, akilitundika nyuma ya mlango katika nyumba isiyo na mtu. Fidencio naye alijiona. Alilitaka koti lile kuliko kitu chochote, na aliliogopa kwa kiasi hicho hicho.

— Kule juu baridi, — alisema mwishowe. — Mimi nimefika. Baridi kali.

Ndani ya kanisa walianza wimbo wa kutokea. Redio alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

— Jua, — alisema.

— Jua limefanyaje?

— Ndilo lenye makosa, jua. Koti halina neno. Lile koti nalijua mimi, koti la heshima kabisa. Ila jua la siku hizi halina adabu.

— Mimi toka mwanzo nilisema jua, — alisema Askofu.

— Hukusema.

— Nilisema kimoyomoyo.

— Basi mwaka huu apelekewe mwavuli! — Redio alikuwa karudi hewani. — Mkubwa, mweusi, wa kumfunika yeye na mkewe, wapatane.

— Na nani ataubeba? — aliuliza doña Chayo.

— Mtu anayejua saizi yake, bwana. Utamtuma mtu baki?

Na kabla milango ya kanisa haijafunguka, Redio akainua mkono. Askofu akainua wake. Doña Chayo akainua mwiko unaodondosha kahawa, na yule mama wa Veracruz, ambaye hakuwa na haki yoyote ya kupiga kura Tlalixco, naye akainua.

Fidencio alitaka kuwashukuru. Akaishia kusema kahawa imeungua. Doña Chayo, ambaye tangu aanze biashara hajawahi kuunguza chungu, alisema ni kweli, leo imeungua, akammiminia nyingine.