Alichokataa Bi Kanyiva

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Mji, waheshimiwa wanabodi, wachungaji wetu, maimamu wetu, wageni waalikwa mliotoka Zombe na Kitui mjini, na nyinyi wenzangu wa soko la Kwa Nzau mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa: hamjambo?

Mimi ni Kavindu, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa soko. Nimeombwa nimuage Bi Kanyiva, afisa wetu wa malalamiko ya umma, anayestaafu leo. Wengi wamemsifu kwa aliyoyafanya. Mimi nitaanza na alichokataa kufanya.

Mnakumbuka bomba la maji ya soko lilipopasuka, na badala ya kulitengeneza, bodi ikatujengea lango la mawe lenye taa? Tulimwendea tukiwa na hasira. Akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kuamua pesa za mji zijenge nini ni kazi ya bodi. Kukagua hesabu ni kazi ya mkaguzi. Sheria hainiruhusu kuingia huko."

Mzee Nzioka akamwambia, "Lakini wewe ni wetu. Ingia tu."

"Nikiingia, mahakama itaitupa ripoti yangu yote, na nyinyi mtabaki mikono mitupu."

Tulitoka tukinung'unika, na wapo waliosema amenunuliwa. Kumbe alikuwa amenasa jambo tulilolitaja juujuu tu: tulikuwa tumelalamika tena na tena, na hakuna aliyetujibu. Hilo lilikuwa ndani ya mamlaka yake, naye akalishikilia. Watu wa bodi walimbembeleza, wakamtishia uhamisho; hakuliachilia, mpaka mkurugenzi wa bodi wa wakati huo akaja kuketi nasi sokoni.

Siku hiyo Esha, muuza chai, alisimama akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, ukishikwa na kiu hapa, utakunywa lango?"

Watu walicheka, na mkurugenzi mwenyewe akacheka, akainamisha kichwa. Kabla ya mvua za Novemba, maji yalikuwa yamerudi.

Hakuna aliyewajibishwa kwa lile lango, na ningependa atakayemfuata Bi Kanyiva apewe nguvu zaidi. Nalisema hilo makusudi, waheshimiwa mkiwa mmeketi.

Mwaitu Kanyiva, mama yetu, tunakushukuru. Jana uliniambia kwamba barabara ya kwenu Mbooni imeharibika, na kwamba Jumatatu utaenda kuuliza kwa nini, kama raia wa kawaida. Viongozi wa huko na wajiandae, kwa maana raia akiuliza, hakuna sheria ya kumwambia aishie wapi.

Asanteni kwa kunitegea sikio, na Mungu awabariki.