Nyumba Iliyomshinda Mama

Shikamooni wazee. Wenzangu, habari za mchana. Na nyie vijana wa kwaya, marahaba, ingawa sijasikia mtu akiniamkia.

Mwenyekiti wa jumuiya aliniomba nisimame niseme yaliyonipata. Nilimkatalia mara mbili. Leo amenikamata nyumbani kwangu mwenyewe, kwenye baraza langu, nyote mmekaa juu ya mikeka yangu, sasa nitakimbilia wapi? Basi nisikilizeni. Sitamtaja mtu kwa jina, maana wengine mpo hapa hapa. Tena mwenye makosa katika habari hii ni mmoja tu, naye ndiye huyu anayesema.

Ndugu zangu, mimi nilijenga nyumba ikamfukuza mama yangu mzazi.

Nilikulia ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, kwenye nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa nyasi. Baba alifariki ningali mdogo. Mama akanilea kwa jembe. Msimu wa kilimo ukifika tulikuwa tunahamia bondeni, tunalala kwenye dungu, kile kibanda chetu cha juu ya nguzo, mpaka mpunga uvunwe. Mimi nililiona dungu ni alama ya shida zetu. Siku moja, bado mtoto, nikamwambia mama, "Nikikua nitakujengea nyumba ya bati." Akacheka. "Haya baba, kua kwanza." Yeye alisahau. Mimi sikusahau hata siku moja.

Mwaka ule wa kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi nikaanza. Kiwanja ndicho hiki, hapa hapa Lumemo. Matofali nilifyatua na kuchoma mwenyewe, tanuru mbili. Nikatafuta fundi, mtu mpole, hana maneno mengi. Siku ya kupima msingi akazunguka kiwanja, akalowesha kidole, akakiinua juu. Nikajiuliza, huyu ni fundi au mganga?

Akasema, "Mzee, nyumba hii tuielekeze kule. Upepo unatoka bondeni, utaingia vizuri. Na jua la jioni halitapiga vyumba vya kulala."

Nikamuuliza, "Na barabara iko wapi?"

"Barabara iko upande huu."

"Basi uso wa nyumba utazame huku. Sijengi ili wapita njia waone mgongo."

Cheka tu, mama, cheka. Bado hujasikia kitu.

Akasema tuongeze kozi tatu, yaani safu tatu za matofali, ukuta uwe mrefu zaidi, joto lipate pa kwenda. Nikamwambia kozi hizo tatu anijengee kifua, ule ukuta wa mbele unaopanda kuficha bati, kama maduka ya mjini. Akasema madirisha yawe mapana. Nikasema yawe madogo, mwizi asipenye. Akasema, "Hata upepo hautapenya." Nikamjibu kwamba upepo hauna shughuli yoyote nyumbani kwangu. Juu akataka kuacha uwazi kati ya ukuta na paa, nikaamuru azibe kabisa, popo wasiingie. Na bati nikachagua nyembamba kuliko zote dukani, kwa kuwa ndizo zilizong'aa zaidi. Muuzaji mwenyewe alinishauri zile nene. Nikamwona ana tamaa.

Mke wangu akaja kutazama. Akauliza swali moja. "Moshi wa jikoni utatokea wapi?"

"Utatokea mlangoni. Kwani mlango kazi yake nini?"

Akageuka, akaenda zake. Mnamjua, akiondoka namna ile ujue umeharibu. Mimi sikujua.

Mwezi wa kumi na moja nikavuka kwa pantoni kwenda kumchukua mama. Nimemkalisha nyuma ya baiskeli, nasukuma, natembea kifua mbele kama bwana harusi. Tulipofika akasimama barabarani, akakinga macho kwa kiganja. "Mwanangu, inang'aa hii!" Nikafikiri ananisifu.

Nyinyi mnaijua Ifakara ya mwezi wa kumi na moja. Mvua bado, hewa imesimama, hata kuku wanatembea wamefungua midomo. Ikifika saa sita bati zinaanza kulia, ta, ta, ta. Ikifika saa nane, ukifungua mlango wa chumba cha mama, joto linakupokea kabla hujaweka mguu. Halafu giza! Tulikuwa tunawasha koroboi mchana kweupe ili tuone kijiko kiko wapi. Watu wa nyumba ya nyasi hapo jirani hawakuwasha taa mpaka jioni. Mimi mwenye bati nilikuwa namaliza mafuta ya taa jua likiwa utosini.

Mama hakulalamika. Alichukua mkeka wake kila mchana, akaenda kukaa nyuma kwenye migomba. Na hapa ndugu zangu naomba mnivumilie. Nilimfuata kule migombani nikamwambia, "Mama, unaniaibisha. Watu watasema nimekujengea nyumba ambayo huwezi kukaa. Ingia ndani."

Akanitazama kidogo. Akakunja mkeka, akaingia.

Alifanya hivyo siku nne, kwa kunitii mimi. Siku ya tano mke wangu akampelekea uji saa tisa, akamkuta chini, kati ya kitanda na mlango. Midomo imekauka, anasema maneno yasiyoeleweka. Tukambeba kwenye tenga la baiskeli hadi hospitali. Muuguzi akamgusa ngozi, akaniuliza, "Bibi ameishiwa maji huyu. Mmempa kazi gani juani?"

Jamani, nijibu nini? Niseme alikuwa amelala kitandani, ndani ya nyumba ya mwanawe?

Alipopata nguvu akasema neno moja tu. "Nirudishe kwangu." Nikamsihi, akakataa. Nikakasirika. Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Nikasema, "Wewe umezoea umaskini, ndiyo maana kizuri kinakushinda." Akafunga kitenge chake, akaondoka na mke wangu kwenda kwenye pantoni. Mimi nilibaki barabarani natazama kifua cha nyumba yangu.

Sikwenda kumwona. Krismasi ikapita. Mvua zikanyesha, mpunga ukapandwa, ukapaliziwa, sikwenda. Mke wangu alikuwa anavuka kila wiki kwenda kumsaidia, akirudi nauliza kwa mzunguko, "Huko mvua zikoje?" Naye ananijibu habari za mvua tu, makusudi. Kiburi kinachosha, ndugu zangu. Nilikuwa silali vizuri, sili vizuri, na ndani ya nyumba yenyewe sikai. Mchana nashinda migombani, pale pale nilipomtoa mama.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, ndege wakashuka shambani kwa mama. Ni wakati wa kuamia, kukaa kwenye dungu kutwa nzima na kupiga kelele. Wiki ile mke wangu macho yalimvimba kwa moshi wa lile jiko langu lisilo na pa kupumulia. Anatokwa machozi, hawezi hata kuona njia. Akaniambia, "Leo utakwenda wewe. Mama yuko peke yake na ndege."

Nikaenda. Nimefika pale jua limekaza, nimelowa jasho kama niliyetumbukia mtoni. Nikasimama chini ya ngazi ya dungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Panda."

Hivyo tu. Nikapanda. Akanipa maji ya mtungi, akanisogezea mkeka. Nikajilaza niseme naye nikiwa nimepumzika. Ndugu zangu, sikusema neno. Nililala usingizi ambao sijaupata tangu nihamie kwenye bati. Mtu mzima na ndevu zangu, nimelala kama kichanga, na yeye anafukuza ndege kwa sauti ya chini asiniamshe.

Kuamka, jua limeshainama. Nikabaki chali natazama juu. Paa limepanda, kuna nafasi ya kutosha mtu kusimama. Kuta ni matete, upepo unaingia huku na kutokea kule. Nyasi hazipitishi joto. Mafiga yako chini, kando, upande ambao moshi hauji. Nikakumbuka fundi na kidole chake. Kila alichoniambia, mama alikuwa amekijenga hapa kwa panga na kamba, kila mwaka, na mimi nimelala humo utoto wangu wote nikiona ni shida.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nilikutukana."

Akaendelea kutazama shamba. Kisha akasema, "Sikuikataa nyumba yako. Niliogopa kufia mle. Ningefia mle ndani, wewe ungeishi humo vipi?"

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia hadi ndege wakashuka wakala mpunga, na mama akaniambia, "Sasa basi, baba, wanamaliza."

Kumbe mwanamke yule aliondoka kwa ajili yangu! Nimekaa nusu mwaka nimemnunia mtu aliyekuwa ananikinga mimi nisije nikabeba mzigo ambao nisingeweza kuutua.

Niliporudi nikaenda moja kwa moja kumwangukia fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Angeweza kunicheka, nilistahili. Akauliza tu, "Tuanze na kifua?" Nikasema tuanze na kifua. Tulikibomoa asubuhi moja, watu wa barabarani wamesimama wanatazama, mmoja akauliza kama nimefilisika. Tukaezua paa, na matofali yale yale ya kifua tukayapandisha kwenye kuta, kozi kwa kozi. Juu tukaacha uwazi, tukaweka wavu wa waya, popo na mbu wakae huko huko. Madirisha tukayapanua, moja likitazamana na lingine.

Nyumba kuigeuza haiwezekani, si godoro. Basi upande wa jua la jioni fundi akaongeza baraza pana, ndilo hili mlilokalia, ili jua liishie hapa lisiguse chumba cha mama. Bati za kung'aa nikahamishia banda la nguruwe, nao wananuna mpaka leo. Za nyumba nikanunua zile nene, kidogo kidogo, msimu hadi msimu. Ilichukua muda, na muda ule mimi na mke wangu tulilala kwenye pagale.

Sasa niwashukuru wenyewe mkiwa mbele yangu. Kina mama wa jumuiya hii, mlikuja na mafungu ya matete mkasuka dari nzima, na hakuna aliyenisimanga. Yule mama aliyemfinyangia mke wangu jiko la udongo na pumba za mpunga, lenye bomba la kutolea moshi, Mungu akuzidishie. Mzigo wa kuni uliokuwa unaisha kwa siku mbili sasa unafika siku tano, na macho ya mke wangu yamerudi kuwa yale niliyoyaposa. Usiinamishe kichwa, mke wangu, nasema kweli. Fundi wangu naye yupo, amejificha nyuma ya kwaya. Ahsante, ndugu yangu. Ulinivumilia mimi mwenye kichwa kigumu.

Kwa mama sikwenda kumbembeleza. Niliona aibu. Mke wangu ndiye aliyempelekea habari. Siku moja mwezi wa kumi na moja tukamwona anakuja mwenyewe, saa nane mchana, jua kali makusudi. Hakusalimia vizuri. Alipita moja kwa moja hadi chumbani. Mimi nimesimama mlangoni. Akaweka kiganja ukutani. Akatazama juu kwenye matete. Akaketi chini kwenye saruji. Halafu akapitisha kidole kwenye paji la uso, akakitazama. Kikavu.

Akasema, "Kesho uvuke mto ukaniletee kuku wangu. Nimewaacha kwa jirani."

Nyie mnaofuga mnajua. Mtu anayepita tu haagizi kuku wake.

Nimebaki na neno moja la kuwapa, hasa ninyi vijana mnaofyatua matofali mwaka huu. Kabla hujanunua bati hata moja, nenda kaketi kwenye kiwanja chako saa nane mchana, uone jua linapita wapi na upepo unatokea wapi. Msikilize fundi asiyekusifu. Chukua kilicho imara hata kama haking'ai, na kama hakitoshi leo, subiri msimu ujao. Na muulize anayepika atapika wapi, na anayezeeka atalala wapi, umuulize kabla ya msingi, umwache ajibu. Mimi nilijenga kwa ajili ya mama miaka yote ile na sikumuuliza hata mara moja.

Nimemaliza. Wimbo wa kufunga, kwaya, nawaomba muimbe polepole. Ni saa nane na nusu, jua lile pale mnaliona, na mama amelala chumbani kwake.