Moto Haupokei Isale

Mheshimiwa Diwani wetu, Baba Paroko, Masista wapendwa, Ndugu Godlove ambaye ni Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, pamoja na ndugu zetu mliopanda mlima kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja kuona matunda ya michango yenu, mafundi, wanakwaya, na ninyi wazee wetu mliokaa mbele, ambao siku hii ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote, shikamooni.

Mgeni rasmi akifika hapa husema itifaki imezingatiwa. Mimi naomba itifaki inivumilie, maana nikimaliza kusema wapo watakaotamani nisingealikwa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Evelyn, binti wa Mzee Jacob wa hapa hapa Kilema, na kazi niliyostaafu ni ya zimamoto. Ratiba inasema kwamba baada ya hotuba hii nitaingia sebuleni, nitawasha meko ya ukutani, ile mnayoiita fayaplesi, mtapiga vigelegele, kisha sote tutaelekea kwenye ndafu, mbuzi wetu mzima wa kuchoma. Kibiriti nilikabidhiwa asubuhi kikiwa kimefungwa utepe mwekundu, na hiki hapa mkononi mwangu. Ndugu zangu, meko ile siiwashi.

Naona wanakwaya mnatazamana. Subirini kidogo.

Kwanza nisiwanyime haki yenu. Nyumba hii ya wazee wasio na wa kuwatunza ni kazi ya kujivunia. Kinamama mlibeba mchanga kichwani. Vijana mlichimba msingi kwenye mteremko ambao hata mbuzi huufikiria mara mbili. Na ninyi wa mjini, hakuna atakayesema mlitusahau. Namsifu pia Mwenyekiti wetu kwa jicho lake la kuchagua vitu vizuri. Marumaru zinang'aa. Mapazia ya jikoni ni marefu, yanafika mpaka kwenye jiko la gesi, na upepo ukivuma kidogo yanakwenda kulisalimia. Choo cha kukalia ni cha kisasa kabisa, ila kimebanwa mlangoni kiasi kwamba nilipokaa kujaribu, mimi mwenye magoti mazima, mlango haukufungika. Bibi mwenye mkongojo atageukia wapi? Au tumewajengea wazee wetu choo cha kutazama?

Chekeni. Kwa choo, chekeni. Kwa meko sitaki mtu acheke.

Nilifika mapema leo nikaomba kuiona, kwa sababu jicho la zimamoto halistaafu. Juu ya mdomo wa meko nikakuta boriti nene, nyeusi. Wazee mnaijua: ni boriti ya lile darasa la kwanza la misheni, ninyi mlijifunza kusoma chini yake. Kamati iliona isiozee stoo, ikasema iwekwe mahali pa heshima. Nia ilikuwa njema, sibishi. Lakini mahali gani pa heshima? Imelazwa juu ya mdomo wa moto, na ncha yake imeingizwa ukutani hadi ndani ya dohani, pale pale moshi na cheche zinapopita. Nikaegemeza ngazi, nikapanda darini. Bomba la dohani limetoboa siling bodi na kuegemea mbao za kenchi zinazobeba paa. Nikachukua karatasi ya ratiba ya sherehe hii nikajaribu kuipitisha kati ya bomba na mbao. Haikupita. Mahali ambapo mkono wangu ulitakiwa kuzunguka bila kugusa kitu, hapapiti karatasi!

Nikamwita fundi Hosea.

"Hosea, hii mbao inafanya nini ndani ya dohani?"

"Mama, niliwaambia. Wakanionyesha picha kwenye simu, wakasema wanataka iwe hivi hivi."

"Na wewe ukakubali?"

"Mwenye kazi ndiye mwenye kauli, mama."

Hosea, kaa, usisimame. Ukuta wako umenyooka na nakuheshimu kwa hilo. Lakini wenye kauli wa mjini wanarudi Dar es Salaam kesho kutwa, na kauli yao wanaondoka nayo. Anayebaki na moto ni anayelala hapa. Picha ya kwenye simu ilikuonyesha kilichomo ndani ya ukuta wa watu? Ilikuonyesha nafasi waliyoiacha kati ya mbao na joto? Mnakopi uso wa meko, matumbo yake hamyajui, halafu mnaniita nije kuiwasha mbele ya Baba Paroko!

Sasa nitasema jambo ambalo pengine adabu ingenitaka ninyamaze. Niliposhuka ngazi, Mwenyekiti alinifuata na jani la isale. Wageni ambao si wa mlimani niwaeleze: isale ni jani tu la uani, lakini aliyekukosea akikuletea, huna ruhusa ya kumnyima msamaha. Ndivyo tulivyolelewa. Ndugu Godlove akaniambia, "Dada, nakuomba kwa hili. Tusiaibishane mbele ya wageni. Leo washa tu, moto kidogo, tutarekebisha watu wakirudi Krismasi."

Isale nililipokea. Kwa mikono miwili. Nimesamehe, na moyoni sina kinyongo na wewe, kaka yangu. Lakini acha nikuambie nilipoliona isale jingine.

Huko Mwika kulikuwa na mzee mmoja, Aminieli. Mwanawe Filemon na mkwewe Salvina walimjengea nyumba nzuri yenye meko kama hii, mbao zimepita kwenye dohani kama hizi. Mkesha wa Krismasi wakaiwasha, wakapiga picha, wakalala salama. Asubuhi majivu yalikuwa yamepoa, wakaenda kanisani kwa amani. Mzee miguu ilimsumbua, akabaki amelala. Hakuna aliyejua kwamba mbao iliyokuwa ndani ya ukuta ilikwisha kushika, inaliwa taratibu tangu usiku, mtu asione mwali wala moshi. Ilipofika darini ikapata hewa. Sisi tulipopanda na gari kutoka Moshi tulikuta majirani wanakata migomba na kuitupia kwenye moto, na Filemon ameshikwa na wanaume asiingie ndani. Mzee Aminieli nilimtoa mimi. Sitaeleza zaidi, kuna watoto hapa.

Baada ya maziko fundi aliyeijenga nyumba ile akaja na isale. Salvina alilipokea mbele ya ukoo mzima, hakumtukana, hakumfukuza. Akamwambia, "Nimekusamehe, kaka. Sasa lipeleke na kwa moto, unirudishie baba."

Hapo ndipo nilipojua, na sijasahau: moto haupokei isale. Hauna ukoo, hauna haya mbele ya wageni, haungoji Krismasi.

Na humu ndani nani atalala nyuma ya dohani ile? Bibi Mektrida, simama kidogo wakuone kama unaweza. Usipoweza, inua mkono. Kitanda cha bibi huyu kimesogezwa hadi kichwa chake kinagusa ukuta wa dohani, eti apate joto. Asubuhi alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, tangu mvua zianze miguu yangu haijaonja joto. Leo nitalala kama malkia."

Hapo ndipo hasira iliponishika, na sijaitua mpaka sasa. Mmenifanya nini ninyi? Mwezi wa saba huu, ukungu umelala mpaka mlangoni, na mimi ndiye niwe mtu wa kumnyima Bibi Mektrida moto! Mlipata kila kitu: mawe, mchanga, michango, mafundi, boriti ya kumbukumbu. Kitu kimoja tu hamkumpa, na hakiuzwi dukani: nafasi. Nafasi kati ya moto na mbao, kati ya pazia na jiko, kati ya goti na mlango. Mliiona nafasi kuwa ni upungufu, mkaijaza.

Mheshimiwa Diwani, usiangalie saa, namalizia.

Wazee wetu walilitumia isale kwa kuomba radhi, na walilitumia pia kwa jambo la pili. Walilipanda mpakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo: huku kwako, huku kwangu. Watu waligombania ng'ombe, waligombania hata wanawake, lakini isale la mpaka hakuna aliyeling'oa. Sasa yule aliyekuwa ananong'ona hapo nyuma, utepe wa kibiriti umeenda wapi, nitamjibu. Kabla sijaja kusimama hapa nimeingia sebuleni, nimelifunga isale la Mwenyekiti kwa utepe huo, nikaliweka mdomoni mwa meko. Huku kwetu, huku kwa moto. Boriti itatoka kwenye dohani na kuwekwa juu ya mlango mkubwa, wazee wapite chini yake kila siku kama walivyopita utotoni. Mbao za kenchi zitakatwa, zisogezwe mbali na bomba. Hosea ameniahidi kuanza kesho, na Mwenyekiti atasimamia bila simu mkononi. Kabla ya hapo, mwenye kutaka kuwasha aanze kwa kuling'oa isale. Nataka nimwone.

Leo Bibi Mektrida atalala kwa masista. Sista Doris amemtandikia chumba kilicho jirani na jiko lao. Bibi, naomba radhi. Umengoja sana, na mimi nimekuongezea kungoja. Shika kibiriti hiki, hata ukikalie ikibidi. Siku mkono wangu utakapozunguka lile bomba bila kugusa mbao, hatutaita mgeni rasmi mwingine. Utawasha wewe.

Aika. Nawashukuru mlionisikiliza kwa kupenda, na zaidi nawashukuru mlionisikiliza mkiwa mmenuna. Karibuni kwenye ndafu, iko uani, na moto wake uko mahali pake.