Tandiko la Pontien Halina Baba

Pale Point, mtaa ulio jirani na bandari, mbele ya duka la simu la Pontien, pana benchi lenye mguu mbovu na watu wenye midomo mizima. Jumamosi hiyo benchi lilimbeba mgeni: tandiko la farasi, la ngozi, kuukuu, lenye maua ya kuchongwa na kishikio kama pembe kwa mbele. Pontien alitumwa mnadani na mkewe Immaculée akanunue kitanda cha mtoto, akarudi na hilo. Immaculée hakupiga kelele, na hapo ndipo Pontien alipoogopa. Alisema tu kwamba lisipopata mnunuzi leo, aliyelileta atalilalia mwenyewe. Bahati nzuri Daktari, Mkenya anayeandika tasnifu kule Westville mpaka mvi zimemtoka, alimjua mama mmoja anayekusanya matandiko ya zamani. Mama angepita asubuhi hiyo, kwa sharti moja: aambiwe limetoka wapi na nani alilitengeneza. Pontien alikwisha kulisugua kama anavyosugua simu za mtumba, likang'aa. Jibu tu ndilo lilikosekana.

— Bandugu, nisaidieni, akasema. Huyu mama nimuambie nini? Mi sitaki kulala juu ya kiti ya farasi.

— Wacha presha, akasema Daktari. Pembe kama hii ni ya Marekani. Wachunga ng'ombe wa huko hufunga kamba hapo wakishanasa ndama.

— Marekani ya wapi? Kapteni akamkata. Kapteni ni Mtanzania wa Bluff, ng'ambo ya bandari, anapaka rangi meli, na kwake kila kitu duniani kimeshuka melini. Akaendelea: Kamba ni kazi ya baharia, bwana! Hiki kiti alikikalia nahodha, dhoruba isimtupe. Wahenga walisema, mchovya asali hachovyi mara moja.

— Asali inahusu nini? akauliza Daktari.

— Inahusu.

Ministre akacheka, akanyoosha tai. Ni Mkongo anayeitwa waziri ingawa hajawahi kuongoza hata choo cha mtaa, ila suti anazo.

— Angalieni upana. Farasi iko na mgongo kama hii? Vraiment, kweli? Hii walimfanyia gavana mmoja wa wakati ya Wabelgiji. Alikuwa anapanda kiboko.

— Kiboko!

— Ndani ya mto. Njo maana ngozi iko nzito, maji isiingie. Na pembe ni ya kutundika kofia.

Daktari, msomi mzima, alipaswa kumcheka. Badala yake akakuna kidevu.

— Kiboko dume ama jike?

— Mnakunywa, mnadanganya, birika inakauka, akasema Agathe, muuza kahawa. Imebaki kikombe moja. Ni ya mgeni.

Mgeni akashuka garini: Kemunto, mama wa makamo, miwani kifuani. Hakusikiliza habari za nahodha wala za kiboko. Aliinua ubavu wa tandiko, akapitisha kidole mahali palipopauka.

— Eish. Fundi hugonga muhuri wake hapa, jina na mji. Nani amesugua?

Uso wa Pontien ukachanua.

— Ni mimi, mama! Simu ya mtumba, kitu ya kwanza unafuta jina ya mwenyewe, mteja asifikiri ni ya wizi. Nilipiga msasa muzuri.

— Sawa. Na lilikuwa jina gani?

Kapteni akageukia bandarini. Ministre akafunga kifungo cha koti. Pontien alikumbuka msasa, alikumbuka jasho, alikumbuka kwamba herufi zile zilikuwa ngumu kutoka. Kuzisoma hakuzisoma.

Kemunto akamaliza kahawa, akashukuru, akaliacha tandiko benchini, akawasha gari.

— Lakini ni ya Marekani, Daktari akanong'ona.

— Kahawa imeisha, akasema Agathe.

Immaculée, aliyesikia yote mlangoni, akatoka na blanketi. Akalikunja taratibu, akalitandika juu ya ngozi, na upande wa pembe akaweka mto.

— Nimefua, akasema. Lala vizuri, papa ya mtoto.