Nyanya za Kinyozi na Turubai Letu

Benchi letu liko mbele ya duka la Kinyozi, chini ya turubai lake, na tunalikalia hata sisi tusio na nywele za kunyoa. Asubuhi ile Kinyozi hakuwa na raha. Nyuma ya nyumba ana tuta la nyanya. Nusu ameifunika kwa neti ya kivuli, nusu ameiacha juani. Ya juani inameza maji ndoo kwa ndoo. Ya kivulini udongo haukauki. Na mkewe ameshatoa neno la mwisho: akikuta tena tangi la nyumbani halina maji, anang'oa nyanya zote, anafunga kamba za kuanikia nguo.

— Zile za juani si nyanya, ni walevi! — Kinyozi akalalamika.

— Ni joto la mashine, — akadakia Dokta, ambaye ni daktari wa redio mbovu tu. — Redio ikichemka inakula betri. Nyanya ina tofauti gani?

— Haina stesheni, — nikasema.

— Wewe nyamaza, kahawa yenyewe unakunywa ya bure.

Soli, mshona viatu, akaweka sindano chini.

— Jani lina vinywa, jamani. Mwanga ukija vinafunguka, maji yanatoka kama jasho. Gizani linafunga mdomo.

— Mbona wewe umeme ukikatika ndipo unapiga kelele mtaa mzima? — nikamuuliza.

— Mimi si jani!

— Sikilizeni, — Dokta akasimama. — Nyanya zinaona. Za juani zinakuona ukija na ndoo, zinashikwa na kiu. Za kivulini hazikuoni. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Ndoo haipo, kiu haipo!

— Kwa hiyo nizifunge kitambaa usoni?

— Zifunike zote!

— Nizifunike na kitu gani?

Sote tukatazama juu. Mara tukawa tunafungua kamba za turubai, kila mtu pembe yake. Jua likatushukia utosini. Hata hatujapiga hatua, Soli akaomba maji ya kunywa. Dokta naye akaomba.

— Mmeona? — Kinyozi akapiga kelele kwa furaha. — Ushahidi huo!

Hapo mkewe akatokea na beseni la nguo mbichi.

— Turubai mnalipeleka wapi?

— Shemeji, tumekuokolea tangi! — akasema Dokta. — Kivulini nyanya hazinywi.

— Hilo hata mimi nimeliona. Na hizo za kivulini, zimezaa?

Kinyozi akatanua viganja.

— Zina majani, mke wangu, — Kinyozi akasema. — Mapana, hivi.

— Nimeuliza nyanya.

Dokta akajifunika utosi kwa pembe yake ya turubai. Tulikuwa watu wazima wanne juani, turubai mikononi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuinama akachungulia chini ya ile neti.