Kikombe Alichokionja Mama Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza nimetamka kwa woga.

Mnanifahamu. Mimi ni Mama Keza wa Gihosha. Ni mimi niliyekuja hapa mbele kuwaomba mpige maombi ili adui wa nyumbani kwangu afichuliwe. Mliniuliza jina lake, nikawanong'oneza: mama mkwe. Mkaomba mpaka sauti zikakauka. Leo nimerudi kuwaambia kwamba Mungu alisikia, na adui amefichuliwa. Mama mkwe mwenyewe ameketi benchi la tatu. Msigeuke kumtazama, nawasihi. Nisikilizeni mimi.

Keza wangu ana miaka miwili na nusu. Alipokuwa bado anajifunza kutembea alianza kunywa maji bila kutosheka, akakonda, na nguo zake zikawa zimelowa saa zote. Hospitali wakasema ni kisukari, mwili wake hautengenezi insulini, atachomwa sindano kila siku. Waliposema hivyo mimi nililia tu. Mama mkwe hakulia. Alisimama karibu na muuguzi akasikiliza kila neno, na mimi nikamtazama nikajiuliza: huyu mbona hashtuki?

Ndugu zangu, mbegu ilipandwa pale.

Tulirudi nyumbani na sindano na mashine ya kupimia. Asubuhi namtoboa Keza kidole, mashine inasema mia nne, sukari ya damu imepanda mno. Kesho yake imeshuka mpaka hamsini, mtoto anatokwa na jasho na kulegea. Uji uleule, kipimo kilekile cha dawa. Nikasema, kama chakula hakibadiliki na dawa haibadiliki, basi kuna mkono. Na ni mkono wa nani, kama si wa yule anayetoka kwake Kanyosha kila asubuhi na kikapu cha mboga za lengalenga, kumlinda mtoto nikienda kufundisha?

Nikaanza kuchunguza. Nikirudi kazini, kabla hata ya kuvua viatu, nilimnusa Keza mdomo. Nililamba vidole vyake kimoja kimoja nikitafuta utamu. Siku moja mama mkwe akanicheka mimi mkaza mwanawe: "We mukazana, unapekua mutoto sawa mutu wa duane mupakani! Unatafuta magendo?" Baba Keza akacheka naye. Mimi sikucheka. Nilisema moyoni, mwizi ndiye hujua magendo hupita wapi.

Nikachukua sukari yote ya nyumba nikaifungia ndani ya sanduku la nguo. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kitenge changu.

Halafu nikafanya jambo ambalo bado linanichoma. Mnajua desturi yetu: ukimpa mtu kinywaji, unaonja wewe kwanza, ajue hakina sumu. Lakini nani amewahi kumwambia bibi aonje uji wa mjukuu wake? Mimi nilimwambia. Alikuwa ameinua kijiko, Keza amefungua mdomo, nikasema, "Mama, onja kwanza."

Alinitazama. Kisha akaonja. Wala hakumwambia mwanawe. Tangu siku hiyo alionja kila alichompa mtoto, hata maji. Nami, ndugu zangu, badala ya kuona aibu niliongeza shaka! Nikasema, anayekubali kirahisi hivi anaficha nini?

Sukari ya damu ya Keza ikazidi kupanda. Kliniki wakaniongezea kipimo cha dawa, ikashuka siku mbili, ikapanda tena. Ndipo nilipoligundua donge. Nilikuwa namwogesha Keza Jumamosi moja asubuhi, nikahisi kwenye paja la kushoto kitu kama yai dogo chini ya ngozi, laini, kisichomuuma. Mama mkwe ndiye humpaka mafuta miguuni! Nikasema, hiki ndicho alichomwekea. Sikutaka hata kuligusa donge lile, wala sindano yangu ipite karibu nalo. Asubuhi hiyo nikamchoma Keza paja la kulia, kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali. Kipimo kilekile kilichoongezwa.

Alilia sana. Kwenye paja la kushoto hakuwa akilia.

Hata jua halijapanda juu, nikamsikia mama mkwe akiita kutoka uani: "Mama Keza! Kuya mbio! Mutoto anaenda!" Keza alikuwa mapajani mwake, mweupe midomoni, jasho tele, macho yanageuka. Bado alikuwa anameza mate, lakini jina lake hakulijibu. Nikajua sukari yake imeshuka; nikakimbilia sanduku nilikoifungia sukari ya nyumba. Fundo la kitenge likanikatalia. Nilikuwa nimelikaza kwa shaka yangu yote, na sasa halifunguki. Nikalivuta kwa meno.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ametoa kikapuni, chini ya lengalenga, kijikaratasi kilichokunjwa. Akakifungua. Sukari!

Ndugu zangu, mtoto wangu anazimika, na mimi nilipiga kelele: "Kumbe ni we!"

Alimimina sukari kwenye kikombe cha maji, akakoroga kwa kidole. Kisha akainua kikombe, akanitazama machoni, akanywa yeye kwanza. Mtoto anazimika, na bibi yake anaonja kwanza! Kwa sababu mimi nilimfundisha hivyo.

"Umeona?" akasema. "Sasa acha nimupe."

Akampa kidogo kidogo, huku akimsugua shavu ili ameze. Keza akameza. Akameza tena. Baada ya muda akafungua macho, akasema "Bibi." Hakusema mama. Alisema Bibi.

Tulimkimbiza kliniki. Njiani nikauliza kuhusu ile sukari. Mama mkwe akajibu bila hasira: "Muuguzi alisema pale hospitali, mutu anabakia na uyu mutoto asikuwe mbali na sukari. We ulikuwa unalia, aukusikia. Na nyumbani mulifunga."

Muuguzi wa kliniki alilibonyeza donge, akaniuliza namchoma wapi kila siku. Nikamwonyesha: hapa, kwa sababu hapa halii. "Halii kwa kuwa nyama imechoka," akasema. "Dawa inalala humo, inatoka siku inayotaka. Leo umempa mahali pazima, ikaingia yote." Akatupunguzia kipimo, akatufundisha kuhamisha sindano: tumbo, matako, mapaja, na donge tuliache lipumzike.

Donge lile nililifanya mimi! Kwa sindano yangu, kwa huruma yangu. Mliomba adui wa nyumbani afichuliwe, na mkono uliokuwa ukitafutwa ulikuwa huu ninaouinua mbele yenu.

Sijaja kusema Keza amepona kisukari. Leo asubuhi amechomwa, kesho atachomwa, na bado zipo siku ambazo mashine inatutisha. Aliyefunguliwa ni mimi. Mungu wetu hakutuma malaika uani kwangu. Alimtuma mwanamke niliyekuwa namsengenya kwenye maombi, na sukari chini ya mboga.

Jana aliniletea chai. Akainua kikombe ili aonje, mazoea tu. Nikamshika mkono. "Apana, Mama. Usionje." Nikakichukua, nikanywa mpaka mwisho, naye akanitazama. Kisha akasema, "Mukazana, umekunywa yangu. Yako iko jikoni." Tukacheka mpaka tukalia.

Asante Yesu! Asanteni ninyi mlioomba. Na wewe ndugu yangu, kama kuna mtu nyumbani kwako anayeonja kwanza kwa sababu yako, usisubiri maombi ya Jumapili ijayo. Rudi leo. Mwamini Bwana, pokea kikombe, unywe.

Mama, simama wakuone. Na kikapu chako ukiinue, kile kijikaratasi bado kimo.